Chenji ya Mkate: Mfunze Mtoto Kujumlisha na Kutoa kwa Pesa za Nyumbani

Umemtuma mtoto dukani na noti ya shilingi 100 alete mkate wa 65. Amerudi na mkate na shilingi 25. Kabla hujamfokea, muulize kwa upole: "Ulihesabu chenji?" Mara nyingi atakwambia hapana, kwa sababu hajui aanzie wapi. Na si kosa lake. Siku hizi pesa nyingi za nyumba zinapitia kwenye simu. Mtoto anakuona ukibonyeza, ujumbe unaingia, unga unatiwa kwenye mfuko, basi. Hajaona noti ikitoka wala sarafu zikirudi. Hesabu ya kutoa imefanyika mbele yake na hakuiona.

Kama yuko PP1 au PP2, usianze na sarafu. Kwake sarafu tano za shilingi moja moja ni nyingi kuliko sarafu moja ya shilingi 10, na ukimwambia achague atachukua zile tano. Anahesabu vitu, bado hahesabu thamani. Mpe vifuniko vya soda au maharagwe makavu. Weka vifuniko vinane, ongeza vitatu, ahesabu vyote. Akizoea, funika vile vinane kwa kikombe umwambie, "Humu ndani kuna nane, endelea." Anatakiwa aseme tisa, kumi, kumi na moja. Hapa wengi huteleza: wanagusa kifuniko cha kwanza cha nje na kusema "nane", halafu tisa, kumi, jibu linakuwa 10. Usimwambie tu kwamba amekosa. Inua kikombe ahesabu upya, na ataona mwenyewe kwamba nane ilikuwa imeshahesabiwa. Siku utakayompa 3 jumlisha 8 naye aanze na ile 8 bila kuambiwa, ujue amepiga hatua kubwa.

Hesabu naye kwa Kiswahili hata kama shuleni wanatumia Kiingereza. Kumi na tatu inajieleza yenyewe: kumi, na tatu juu yake. Majina ya Kiingereza ya 11 na 12 yanaificha hiyo kumi kabisa. Ishirini, thelathini na wenzake ndio watahitaji kukaririwa, hapo hakuna njia ya mkato.

Akiingia Gredi ya 1, leta sarafu. Hizi mpya zilizotolewa mwishoni mwa 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. (Zile za zamani zenye sura za marais ziweke kando kwanza, zitamchanganya.) Mchezo ni kubadilishana. Twiga watano kwa kifaru mmoja, vifaru wawili kwa simba mmoja, simba wawili kwa ndovu mmoja. Cheza naye siku kadhaa hadi akatae mwenyewe kukupa ndovu kwa twiga kumi.

Sasa turudi kwa ule mkate. Shuleni atafunzwa kuandika 100 toa 65 na kukopa kutoka kwa makumi. Kwenye daftari ni sawa, lakini mwenye duka akiwa na foleni hakopi chochote, anahesabu kwenda mbele. Anaanza na bei: 65. Anaweka kifaru, inakuwa 70. Anaweka simba, 80. Anaweka ndovu, 100. Sarafu zilizo mezani ndizo chenji: 5, 10 na 20, yaani 35. Kumbe yule aliyerudi na 25 alipunjwa simba mmoja, na angejua pale pale akiwa bado dukani. Fungueni duka mezani jioni, mara yeye muuzaji, mara wewe. Ukiwa muuzaji, kosea makusudi mara moja moja uone kama atakushika. Na akiletewa peremende badala ya chenji, aulize bei ya kila peremende kabla ya kuzipokea!

Baada ya hapo ndipo simu inaingia. Una salio la shilingi 500 na unataka kumlipa mama mboga 120. Kabla hujabonyeza, muulize salio litabaki shilingi ngapi. Mwache atumie sarafu na noti kama bado anazihitaji. Ujumbe ukiingia, alinganishe jibu lake na salio lililoandikwa. Kama muamala una ada, jibu lake la 380 halitalingana na atakuuliza mbona. Usimwambie "ni mambo ya simu". Mwonyeshe ada kwenye ujumbe, aitoe kwenye 380, na salio litapatana. Watu wazima wengi hatuifanyi hesabu hiyo ya pili, ndiyo maana mwisho wa mwezi tunashangaa pesa zimeenda wapi.

PIN bonyeza mwenyewe, mtoto akiwa ameangalia pembeni. Dakika tano au kumi zinatosha kwa siku. Akianza kupiga miayo, rudisheni sarafu kwenye mkebe.