Kiswahili cha Mpira wa Wavu wa Wanawake: Mfano wa Mechi ya Kirafiki Mbaraki, Mombasa

Utangulizi

Mwaka 1895, mwalimu wa mazoezi ya viungo William G. Morgan alibuni mchezo mpya mjini Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani, akauita Mintonette. Jina hilo halikudumu. Mwaka 1896 mchezo huo ulionyeshwa hadharani katika chuo kimoja mjini Springfield, na mtazamaji mmoja, Alfred Halstead, akapendekeza uitwe kwa kitendo alichokiona: mpira kupigwa na kurudishwa ungali hewani. Ndilo jina linalotumika kwa Kiingereza hadi leo. Kwa hivyo istilahi kuu ya mchezo huu haikutoka katika kamati. Ilitoka katika mechi isiyokuwa na kombe, kwa jicho la mtu aliyekuwa akitazama.

Makala haya yanachukulia tukio la aina hiyo hiyo karibu na nyumbani: timu ya wanawake wa chuo iliyoalikwa kucheza mechi ya kirafiki Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, jirani na bandari ya Kilindini. Mtaa huu unajulikana zaidi kwa soka, hasa kupitia klabu ya Bandari. Swali linaloulizwa ni hili: je, mwanamke anayecheza mpira wa wavu Mombasa, katika makao ya Kimvita, anaweza kucheza seti nzima kwa Kiswahili? Na akishacheza, atasimuliwa kwa maneno gani?

Jina la mchezo na jina la mechi

Kiswahili hakikumfuata Halstead. Kilitazama chombo badala ya kitendo: mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa pete, mpira wa mikono. Nchini Kenya neno voliboli limeenea zaidi magazetini, ilhali Tanzania hupendelea wavu. Hakuna haja ya kuligombania jambo hili. Lugha moja inaweza kubeba majina mawili ya kitu kimoja. Linalostahili kuangaliwa ni uhusiano wa neno wavu na mazingira ya msemaji. Kwa mtu wa pwani, wavu kwanza ni chombo cha bahari, chenye jamaa zake jarife, juya na kimia. Kisha ni wavu wa goli. Mtangazaji wa soka husema kwamba fulani ametikisa nyavu, na hapo furaha hulipuka. Mtangazaji huyo huyo akihamia mpira wa wavu na msamiati wake wa zamani, atapotosha, kwani hapa shambulio linalonasa wavuni na kuanguka upande wa mpigaji ni pointi ya wapinzani.

Vivyo hivyo kuhusu aina ya mechi. Ikiitwa mechi ya maonyesho, msikilizaji wa Mombasa atafikiria maonyesho ya kilimo ya Mkomani. Mechi ya kirafiki, au mechi ya kujipima nguvu, ndiyo kauli iliyokwisha kukubalika. Tafsiri sisisi huleta balaa kubwa zaidi katika neno la kwanza la mchezo wenyewe: anayerusha mpira wa kwanza akisemwa kuwa anahudumu, mtu atatafuta meza na sahani. Kuanzisha kunatosha. Kudaka nako, kitenzi kitukufu cha golikipa, humu ni kosa la kupulizwa kipenga.

“Wangu” na “yangu”

Timu moja ina wachezaji sita kiwanjani, katika nusu yenye mita 9 kwa 9, nao wana miguso mitatu tu ya kuurudisha mpira. Wavu wa wanawake huwa na kimo cha mita 2.24. Mpira ukishuka baina ya wachezaji wawili, mmoja wao lazima adai haki kwa sauti mara moja. Wasipofanya hivyo wote wawili huutazama ukianguka, au hugongana. Vyuoni ukelele unaosikika mara nyingi ni “mine”. Kiswahili kina neno lake, na hapo ndipo lipo somo zuri la sarufi.

Mpira uko katika ngeli ya U-I, kwa hiyo ukelele sanifu ni “wangu!” Nomino imedondoshwa, lakini kiambishi cha upatanisho kinaithibitisha: mchezaji hana nafasi ya kusema mpira, ila amesema. Lakini mchezaji mwenzake, pengine aliyelelewa mbali na pwani, hupiga ukelele wa “yangu!” Mwanafunzi wa isimu atakimbilia kusema kwamba huyu amevunja upatanisho. Asiharakishe. Iwapo nomino iliyo akilini ni boli, neno linalotumiwa na wengi mitaani, basi tuko katika ngeli ya I-ZI, na “yangu” ni sahihi kabisa. Iwapo nomino ni mpira, basi ni dalili ya ile tabia ya Kiswahili cha bara ya kuifanya I-ZI kuwa kapu la nomino zote. Kwa kusikiliza ukelele pekee haiwezekani kuamua. Sharti mchezaji aulizwe baada ya mechi. Utafiti wa namna hii hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji daftari na kiti karibu na mstari.

Jambo la pili la kisarufi ni kauli ya kutendea. Mshambuliaji anayetaka mpira uinuliwe karibu na wavu anaweza kusema “niwekee!” Katika neno hili moja mna mtendewa, kitendo na manufaa ya kitendo, na mpangaji anajua nani anamwita na anataka nini. Kadhalika “acha!” na “nje!” ni mafupi kuliko tafsiri yoyote ambayo kamati ingeweza kuyapendekeza. Ufupi huu si anasa. Mechi ikichezwa nje mwezi Machi au Aprili, kaskazi inapomaliza zamu na kusi haijatulia, wakati ambao mabaharia huuita tanga mbili, upepo huyumbisha mpira na sauti pia.

Mchezaji anaitwaje?

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika ngeli ya A-WA. Mchezaji ni mchezaji; ameruka, amezuia, ameshinda. Hapa lugha inampa mwanamke usawa bila kudaiwa. Hata hivyo, kurasa za michezo za Kiswahili nchini Kenya zimezoea kuziita timu za wanawake vipusa, vidosho au warembo. Kipusa asili yake ni pembe ya kifaru, kitu cha thamani, na kwa hiyo msichana mzuri. Labda mwandishi hukusudia sifa. Lakini timu ya taifa ya Kenya, Malkia Strikers, ilifika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo (iliyofanyika 2021) na Paris 2024, na mwaka 2023 ilirejesha ubingwa wa Afrika mjini Yaoundé. Hakuna hata moja kati ya safari hizo iliyopatikana kwa sura. Timu ya wanaume haiitwi watanashati inaposhinda. Anayeandika ripoti ya mechi ya Mbaraki ana maneno ya kutosha: wachezaji, wanawavu, mabingwa, washambuliaji, wazuiaji.

Njia ya kukusanya maneno

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2017, anakumbukwa kwa kupendekeza neno runinga. Pengine mchango wake mkubwa zaidi ulikuwa kuhifadhi: katika Sambo ya Kiwandeo (1979) alitunga kwa shairi istilahi za uundaji wa jahazi, kama zinavyojulikana na mafundi wa Lamu. Mbinu hiyo inafaa hapa. Mechi ya kirafiki ni mahali pema pa kuanzia, kwa kuwa kocha hana la kupoteza akiwaomba wachezaji wacheze seti moja kwa Kiswahili kitupu. Mwamuzi hatatatizika, maana yeye husema kwa kipenga na ishara za mikono. Maneno yatakayosikika yaandikwe kwanza jinsi yalivyo, na mjadala wa usanifu uje baadaye. Yapo yatakayokosekana. Mlinzi wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti, ambaye kanuni za kimataifa zilimwingiza mwaka 1998, wachezaji wanamwita libero, kwa Kiitaliano, na hakuna aliyelalamika bado.