SOMO: Kubadilisha mbao za kitanda cha mashua



Mwezi wa sita, wa saba na wa nane mvua iko kidogo na maji ya Lualaba yanashuka. Ni wakati mzuri wa kuvuta mashua na mitumbwi nje ya maji ili kuziba matundu. Lakini somo la leo si juu ya mashua yenyewe. Ni juu ya zile mbao zenye mashua inalalia ikiwa nchi kavu, maana yake kitanda chake.

Kwa nini kitanda ni jambo kubwa

Wengi wanafikiri mashua inaharibikia majini tu, kwa mawe na kwa miti iliyozama. Ni kweli, mambo hayo yanaharibu. Lakini ndani ya mto, maji yanashika mashua sawasawa pande zote. Ikiwa nchi kavu, uzito wote unakaa pahali pachache tu. Ubao mmoja wa kitanda ukioza, mzigo wake unahamia kwa ubao wa jirani. Hapo tumbo la mashua linabonyea, ao mbao zake zinaanza kuachana. Ufa wa namna hiyo unaweza kujificha mpaka siku mashua imejaa magunia na watu, katikati ya mto.

Kwetu Nyangwe, soko na mto haviachani. David Livingstone alipofika hapa mwaka 1871, alikuta soko kubwa, na watu walikuwa wanavuka Lualaba kwa mitumbwi pamoja na bidhaa zao. Mkulima wa leo mwenye mpunga, karanga ao mafuta ya ngazi anategemea maji yale yale, akienda Kasongo-Rive ao akishuka upande wa Kibombo kwenye reli. Ndugu zetu wa Kabambare walio kando ya Luama wanajua vilevile. Mashua ikikosa kwenda wakati wa mavuno, mpunga unabaki nyumbani na mnunuzi anapanga bei yenye anataka.

Hesabu ndogo

Tuseme mashua yenu iko na kilo 900. Ikilala juu ya mbao 3, kila ubao unabeba karibu kilo 300. Ikilala juu ya mbao 5, kila ubao unabeba karibu kilo 180. Kwa hiyo kuongeza mbao mbili kunapunguza sana mateso ya tumbo la mashua.

Sasa mvua inyeshe siku tatu, na ndani ya mashua kukae maji ya sentimita 10. Kama chini yake ni bapa, urefu metre 8 na upana metre 1, hayo ni maji ya litre 800. Litre moja ya maji ni kilo 1. Uzito umekaribia mara mbili, na hakuna mtu aliyepakia hata gunia moja! Ndiyo maana mbele ya mashua inapaswa kuinuka kidogo kuliko nyuma, na kizibo cha nyuma kitolewe. Kama haina kizibo, maji yatolewe kila kisha mvua.

Namna ya kuangalia kitanda

Muangalie mara mbili kwa mwaka, mbele ya kuvuta mashua na mbele ya kuirudisha majini.

- Muchome kila ubao kwa ncha ya kisu, zaidi pale unapogusa udongo. Kisu kikiingia sentimita moja bila nguvu, ubao umeoza.
- Mupige kwa nyundo. Ubao mzima unalia. Ubao uliooza ndani unatoa sauti nzito kama unapiga muhogo.
- Mutafute njia za udongo za mchwa. Mukiona hata moja, mukwangue na muangalie ndani.
- Muangalie chini ya mashua. Pale penye alama mpya ya kubonyea ao ya kukwaruza, hapo kitanda kinabeba vibaya.

Kuchagua mti

Mti mzuri ni kambala, wenye watu wa upande wa Tanzania wanaita mvule. Mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Mutumie moyo wa mti, ule wa rangi ya kahawia. Sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda inaliwa haraka, hata kama mti wenyewe ni mgumu. Wakati wa kukata kambala, mufunge kitambaa kwa pua, juu vumbi lake linawasha pua na ngozi. Limbali pia ni mti mzito unaoweza kubeba. Musitumie parasolie, ule mti mwepesi unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa, hautakaa. Shina la mngazi nalo linaoza haraka likigusa udongo.

Mti mbichi unapinda na kupasuka ukikauka. Basi ukatwe mapema, ukae kwenye kivuli miezi michache.

Kwa mashua ya ukubwa wa kati, ubao wa sentimita 10 kwa 15 unafaa. Usimamishwe, ule upande wa 15 uende juu. Ukiusimamisha hivyo, uko na nguvu mara moja na nusu kuliko ukiulaza.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Mutoe kila kitu ndani ya mashua: motere, makasia, kamba, maji. Mufukuze watoto pale kazini.

2. Mupime mbao za zamani mbele ya kuzitoa: urefu, kimo, na nafasi kati ya ubao na ubao. Ubao wa zamani usiutupe. Ndio kipimo cha kukatia mpya.

3. Muinue upande mmoja tu kwa mtaimbo ao mti mrefu, polepole, sentimita chache. Kila mara mukiinua kidogo, mupange magogo mafupi yakipishana kama kuni za tanuri la makaa. Mashua ilale juu ya magogo, si juu ya mikono ya watu. Mtu asiingize mkono wala mguu chini ya mashua inayoshikwa na mtaimbo peke yake.

4. Mubadilishe ubao mmoja, kisha mwingine. Musitoe mbao zote pamoja, hata kama zote zimeoza. Mashua inayokosa kitanda inajipinda, na kuinyoosha tena ni kazi ya fundi mkubwa.

5. Muchonge ubao mpya ufuate tumbo la mashua, na pembe zake ziwe mviringo. Muweke jiwe bapa chini ya miguu ya kitanda ili mti usiguse udongo wenye maji.

6. Mufunge kwa bolti ao misumari kupitia ubavuni. Upande wa juu wenye unagusa mashua usiwe na kichwa cha msumari hata kimoja. Msumari mmoja unaojitokeza unaweza kutoboa mashua wakati wa kuivuta.

7. Mupake makaa juu ya ubao mpya, muteremshe mashua, kisha muinue tena na magogo yake. Alama nyeusi chini ya mashua inaonyesha pale ubao unagusa. Kama alama iko pahali pamoja tu, muchonge tena mpaka ienee.

Wengine wanapenda kufunika ubao kwa nguo nzito ao magunia. Nguo inashika maji na kuozesha mbao pande zote mbili. Kipande cha tairi ya zamani ni bora, lakini kipigiliwe ubavuni. Kwa kuvuta mashua, mafuta ya ngazi machafu ao mashina ya migomba yanatosha kuitelezesha. Musimwage mafuta ya motere yaliyotumika, juu yanashuka mtoni na maji hayo tunakunywa.

Kazi ikiisha, mujenge kivuli cha makuti juu ya mashua. Mashua ya mbao ikikaushwa na jua kali, mbao zinasinyaa na kuachana.

Kama muko na remorke

Koperative yenye kubeba mtumbwi kwa remorke ya magurudumu mawili ifuate sheria zile zile. Ila remorke inatikisika njiani, basi bolti zinalegea. Muzikaze kila kisha safari. Na mtumbwi ufungwe kwa kamba pande zote mbili, usiruke juu ya mbao kwenye mashimo.

Nani mwenye kazi hii?

Hapa ndipo koperative nyingi zinaanguka. Mashua ni ya wote, kwa hiyo kila mmoja anangoja mwingine. Komite ichague watu wawili, jina lao liandikwe kwenye kitabu, pamoja na tarehe ya kuangalia na hali ya kila ubao. Na kila safari ya mauzo, pesa kidogo ziwekwe kando kwa ajili ya mbao. Bei ya mbao tano haifiki bei ya mashua mpya, wala ya mzigo uliozama.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mashua yetu inalala juu ya mbao ngapi? Kila ubao unabeba kilo ngapi?
2. Ni lini mara ya mwisho mtu alichoma mbao zile kwa kisu?
3. Kati yetu, nani ataandikwa kwenye kitabu leo, mbele hatujaachana?