Kupima Nuru Hafifu kwa Sahani ya Vishimo

Kimulimuli anapowaka gizani hatoi joto linaloweza kuhisiwa mkononi. Nuru yake ni nuru baridi, nayo huzaliwa na kemia: kemikali iitwayo lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferesi. Majina hayo mawili yalitolewa na Mfaransa Raphaël Dubois katika karne ya 19. Mwaka 1947 William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alionyesha kwamba nuru hiyo haipatikani bila ATP, yaani kemikali inayobeba nishati katika kila seli hai. Tangu hapo kimulimuli akawa mtumishi wa maabara. Penye ATP nyingi pana nuru nyingi. Seli ikifa, ATP yake hutoweka upesi na nuru hufifia. Baada ya jeni ya lusiferesi kunakiliwa mwaka 1985, iliwezekana pia kuipachika katika seli za viumbe wengine, ili nuru itoe habari za jeni inayochunguzwa.

Siku hizi kazi hii hufanywa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, safu 8 za vishimo 12 kila moja. Sahani ya mwanzo ya jamii hii ilichongwa na Gyula Takátsy huko Hungaria mwaka 1951. Chombo cha kusomea hupeleka kila kishimo mbele ya mrija unaogeuza nuru kuwa mapigo ya umeme, kisha hutoa namba. Namba hiyo haina kizio cha kweli. Watengenezaji huiita kizio linganifu cha nuru, nayo ni njia ya heshima ya kusema kwamba milioni moja katika chombo hiki inaweza kuwa elfu hamsini katika chombo cha jirani. Kwa hiyo namba pekee haisemi neno mpaka iwekwe kando ya vishimo ambavyo jibu lake linajulikana.

Rangi ya sahani ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Sahani nyeupe huirudisha nuru kuelekea kwenye mrija, ndiyo maana hupendelewa. Sahani nyeusi huimeza sehemu kubwa ya nuru, lakini hupunguza uvujaji. Sahani inayopenya mwanga haifai, kwa kuwa nuru hupita ukutani na kuingia kwa jirani. Hata nyeupe ina udhaifu wake: ikiisha kuanikwa chini ya taa za chumba, plastiki yenyewe huendelea kung'aa kidogo kwa muda. Sahani na ipumzishwe gizani dakika tano au zaidi kabla ya kusomwa.

Uvujaji wa nuru ndio unaowadanganya watu wengi, kwa sababu hauonekani. Chukuliwe kishimo chenye nuru kali kinachosomeka 2,000,000, na kwamba katika kila hesabu 10,000 zake 3 huvuja kwenda kwa jirani. Jirani huyo atapokea 600. Ikiwa nuru yake mwenyewe ni 400, chombo kitaandika 1,000, na mpimaji atadhani amepata mara mbili na nusu ya kilichomo. Dawa ya tatizo ni nyepesi. Kishimo kimoja cha katikati hutiwa nuru kali, vingine vyote hutiwa maji, kisha sahani nzima husomwa. Hesabu ya majirani, ikiisha kuondolewa ile ya vishimo vya mbali, ndiyo uvujaji wa sahani na chombo hicho. Hapo mpimaji atajua kama inampasa kuacha kishimo kitupu baina ya sampuli kali na dhaifu. Jaribio hili huchukua nusu saa tu, lakini ni nadra kufanywa.

Jambo la pili ni wakati. Kuna vitendanishi vinavyotoa mmweko wa sekunde chache, na vingine vinavyowaka polepole kwa saa nzima. Mmweko hautaki pipeti ya mkono. Chombo chenyewe kinyunyize kitendanishi na kusoma kila kishimo baada ya muda uleule, la sivyo kishimo cha 96 kitaonekana dhaifu kwa sababu tu kilisubiri zamu yake. Hata kwa nuru ya polepole inafaa kuweka sampuli moja katika kishimo cha kwanza na cha mwisho: zikitofautiana, lawama ni ya saa au ya joto. Lusiferesi ya kimulimuli hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 25 za Sentigredi. Katika chumba cha pwani kisicho na kiyoyozi, kitendanishi kilichotoka kwenye jokofu hupata joto haraka zaidi katika vishimo vya ukingoni, nayo sampuli moja hutoa majibu mawili.

Nuru hafifu ina tabia nyingine isiyoondolewa kwa ufundi wowote. Hufika punje punje, kama matone ya manyunyu juu ya vigae viwili vilivyo sawa; hesabu za vigae hivyo hazilingani kamwe. Mtawanyiko wake hukaribia kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe: kwa 100 ni kama 10, yaani asilimia 10, kwa 10,000 ni kama 100, yaani asilimia 1. Hivyo anayetaka kupunguza kosa hilo kwa nusu sharti asome kwa muda mara nne. Upande wa pili, nuru ikizidi, mrija huelemewa na namba huacha kupanda. Sampuli izimuliwe mara kumi; isiposhuka mara kumi, namba ya awali haikuwa kipimo.

Kishimo cha kulinganishia kiwe na kila kitu isipokuwa kinachopimwa, kisiwe maji matupu. Katika upimaji wa ATP, jasho la kidole au bakteria walioota katika maji yaliyokaa siku nyingi hutosha kuwasha nuru isiyotakiwa.

Hata baada ya hayo yote, namba sahihi inaweza kujibu swali lisiloulizwa. Mwaka 2007 ilitangazwa dawa ya majaribio PTC124, iliyosemekana kuzisaidia seli kuruka alama ya kusimama iliyojitokeza mahali pasipofaa katika jeni, kasoro inayoleta maradhi mazito ya kurithi. Katika kuitafuta ilitumiwa lusiferesi ya kimulimuli: kemikali iliyoongeza nuru ilihesabiwa kuwa imefaulu. Mwaka 2009 Douglas Auld na wenzake walionyesha kwamba PTC124 hujishikiza kwenye lusiferesi yenyewe na kuikinga isivunjwe ndani ya seli, hivyo kimeng'enya hurundikana na nuru huzidi. Walipotumia lusiferesi ya Renilla, mnyama wa baharini, nuru haikuzidi. Mabishano juu ya faida ya dawa hiyo kwa wagonjwa yaliendelea miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, kila kemikali inayobadili nuru ya seli hutiwa pia katika vishimo vyenye lusiferesi safi na ATP bila seli yoyote. Nuru ikibadilika humo nako, kemikali hiyo inagusa kimeng'enya, na jaribio hurudiwa kwa lusiferesi ya jamii nyingine.