Mawimbi ya ubongo yafichua siri ya ulevi

JE, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini watu wawili huanza kunywa pombe pamoja, mmoja akaacha apendapo na mwenzake akashindwa kabisa kujinasua? Wengi husema huyo wa pili hana msimamo. Wataalamu wa ubongo wana maelezo tofauti.

Seli za ubongo hupashana habari kwa umeme hafifu mno. Daktari Mjerumani, Hans Berger, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu, mwaka wa 1924. Kipimo chake huitwa EEG. Vijisahani vidogo vya chuma hubandikwa kichwani na kuunganishwa kwa nyaya na mashine, ambayo huchora mawimbi. Hakiumizi, wala hakuna umeme unaoingizwa mwilini. Hospitalini hutumiwa sana kuchunguza kifafa.

Wimbi la P300

Tuseme unaonyeshwa picha zinazofanana, moja baada ya nyingine, na umeambiwa ungoje moja iliyo tofauti. Inapotokea, ubongo huitambua. Takriban milisekunde 300 baadaye, yaani chini ya thuluthi moja ya sekunde, mashine huchora wimbi kubwa. Wimbi hilo ndilo P300.

Kwa walevi wengi wimbi hili huwa dogo, hata baada ya kuacha kunywa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba pombe ndiyo iliyolidhoofisha. Lakini watafiti Henri Begleiter na Bernice Porjesz wa New York, Marekani, waliuliza: je, huenda lilikuwa dogo kabla ya chupa ya kwanza?

Mwaka wa 1984, wao na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wavulana wa umri wa miaka 7 hadi 13. Wavulana 25 walikuwa wana wa walevi, na 25 walitoka katika familia zisizo na ulevi. Wana wa walevi hawakuwa wameanza kunywa. Hata hivyo, wimbi lao lilikuwa dogo kuliko la wenzao.

Yaani udhaifu huo waweza kutangulia pombe, na hupatikana katika familia. Watafiti hao waliamini kwamba ubongo wa aina hii husisimka upesi na hauna breki za kutosha. Kwa kuwa pombe huutuliza kwa muda, mwenyewe huirudia. Mwaka wa 2004, watafiti wa mradi wa COGA, ulioanza Marekani mwaka wa 1989, walihusisha ulevi na jeni iitwayo GABRA2, ambayo ni sehemu ya mfumo wa kutuliza ubongo.

Tahadhari

Usikimbilie hospitali ukitaka kupimwa ulevi kwa EEG. Wimbi dogo huonekana pia kwa watu wenye matatizo mengine, kama vile ya umakinifu. Tena, si kila mtoto wa mlevi huwa mlevi. Malezi, marafiki na umri wa kuanza kunywa huchangia pakubwa.

Ufanye nini?

* Ikiwa mzazi au ndugu yako ni mlevi, jua kwamba hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine. Ni heri usianze.

* Usijivunie kunywa nyingi bila kulewa. Wanaostahimili pombe tangu ujanani ndio walio katika hatari zaidi ya kuwa watumwa wake.

* Waambie watoto ukweli kuhusu ulevi katika ukoo wenu mapema, kabla marafiki hawajawapa glasi ya kwanza.

* Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila daktari. Anaweza kutetemeka, kupatwa na kifafa na hata kufa.

Ukihitaji ushauri, piga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192. Na kama mgonjwa ni mumeo, mkeo au mwanao, matusi hayatamponya. Mpeleke akatibiwe.