Moto Katika Filamu na Kinaya cha Kujua

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi akumbanapo na moto katika kazi ya sanaa hukimbilia maana alizozizoea: hasira, mapenzi, uharibifu, utakaso. Moto hugeuzwa kuwa ishara tu, na uhakiki ukakomea papo hapo. Makala haya yanapendekeza swali tofauti: moto unapowaka mbele ya kamera, ni nani apataye kujua jambo, na ni nani aachwaye gizani?

Ipo mioto ambayo swali hili haliigusi sana. Katika Gone with the Wind (1939), kuteketea kwa Atlanta kulipigwa picha tarehe 10 Desemba 1938 kwa kuchoma majengo ya maonyesho yaliyosalia kutoka filamu za awali. Usiku huo mwigizaji wa Scarlett, mhusika mkuu, alikuwa hajateuliwa rasmi. Waigizaji wa badala ndio waliopita mbele ya miali. Ni moto wa kustaajabisha, lakini uliweza kuwaka bila mhusika.

Sivyo ilivyo katika Citizen Kane (1941) ya Orson Welles. Tajiri Kane anakata roho akitamka neno "Rosebud", na mwandishi wa habari, Thompson, anatumwa kutafuta maana yake. Anawahoji waliomjua marehemu, asiipate, na hatimaye anaamua kuwa neno moja haliwezi kueleza maisha ya mtu. Baada ya hapo vibarua wanatupa tanurini vitu vinavyoonekana kuwa takataka, kikiwemo chombo cha mbao cha kutelezea thelujini, alichokuwa akichezea Kane siku alipotengwa na wazazi wake. Kamera inasogea. Jina Rosebud linasomeka juu ya ubao, kisha rangi inatutumka na herufi zinayeyuka. Kibarua alilishika jibu mkononi, ila hakulijua swali; Thompson alilijua swali, ila hakuwepo. Mtazamaji peke yake ndiye aliyesoma. Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Hapa umezaa jibu kwanza.

Mwongozaji Mrusi Andrei Tarkovsky anakitumia kinaya hicho kwa namna iliyo ngumu zaidi katika Offret, yaani Kafara, aliyoipiga Uswidi na iliyotoka mwaka 1986, mwaka aliofariki. Alexander, mwigizaji aliyeacha jukwaa, anapata habari za vita vinavyotishia kuangamiza dunia. Anaweka nadhiri kwa Mungu: mambo yakirejea yalivyokuwa, ataiteketeza nyumba yake, ataiacha jamaa yake na hatanena tena. Usiku huohuo anashauriwa pia amwendee Maria, mtumishi anayesemekana kuwa mchawi. Kunapambazuka salama. Je, ni nadhiri iliyofaulu, ni uchawi, au vita vilikuwa ndoto? Filamu haisemi, na Alexander anawasha kiberiti.

Ikumbukwe kwamba kamera ilikwama nyumba ilipochomwa mara ya kwanza, ikabidi ijengwe upya na kuchomwa tena. Picha iliyopatikana ni moja isiyokatwa, ya zaidi ya dakika sita. Welles humsogeza mtazamaji hadi kwenye herufi. Tarkovsky humweka mbali, uwandani penye maji, pamoja na jamaa wanaokuja mbio wasielewe lolote. Mtazamaji anaijua nadhiri, lakini analazimika kuutazama moto kwa macho ya wasioijua, na kwa macho hayo Alexander ni mwendawazimu tu. Gari la wagonjwa linamchukua. Hawezi kujitetea, maana kujieleza ni kuivunja nadhiri.

Mwanawe mdogo, ambaye amekuwa bubu tangu alipopasuliwa koo, hayuko penye moto. Yuko ufuoni akiumwagilia maji mti mkavu waliouotesha pamoja na babaye. Mwishoni analala chini yake na kunena kwa mara ya kwanza. Maneno hayo ni swali kwa baba yake, ambaye tayari ameapa kunyamaza.