SOMO: HESABUNI WATU NA MAPATO YA ENEO LA SHULE YENU

Mkulima mwema anajua idadi ya ng'ombe wake, na anajua yupi ananyonyesha na yupi ana mimba. Hawezi kujenga boma kubwa kwa ndama wasiokuwapo. Shule ni vivyo hivyo. Kamati isiyojua watu wake huweza kujenga chumba kitakachokaa kitupu, huku watoto wakikosa maji na vyoo.

Watu hubadilika

Tazameni mfano wa Nyandarua. Mwaka 1962 Serikali ilianza mpango wa kugawa eka milioni moja na zaidi zilizokuwa mashamba ya Wazungu, na jamaa kama 35,000 wakapata makao. Sehemu kubwa ya skimu hizo ilikuwa Nyandarua. Wenyeji wa kwanza walikuja na watoto wadogo wengi, wakajenga shule kwa Harambee.

Hesabu ya watu ya 1969 ilionyesha watu kama 177,000 huko. Mwaka 1979 walikuwa kama 233,000. Yaani waliongezeka kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2009 walikuwa 596,268, na mwaka 2019 walikuwa 638,289. Katika miaka hiyo 10 ya mwisho nyongeza ilikuwa watu 7 tu kwa kila 100. Shule iliyopangwa kana kwamba watoto wanaongezeka kama zamani imepangwa vibaya.

Jinsi ya kuhesabu

1. Choreni ramani ya eneo lenu: barabara, mito, na kila nyumba ambayo watoto wake huja shuleni kwenu.

2. Andikeni umri wa kila mtoto, hata anayebebwa mgongoni. Mtoto wa miaka 3 leo ataingia Gredi ya 1 baada ya miaka 3.

3. Andikeni pia waliohama na mashamba yaliyogawanywa. Shamba la eka 30 likigawiwa wana 4, kila mmoja hupata eka 7 na nusu. Nyumba zimekuwa nyingi, lakini ardhi ni ile ile.

Tuseme mmepata watoto 40 wa miaka 5, watoto 34 wa miaka 4, na 27 wa miaka 3. Kama chumba cha Gredi ya 1 kinatosha watoto 40, msijenge cha pili. Lakini kumbukeni madarasa ya juu: Gredi ya 7 iliwekwa katika shule za msingi mwaka 2023, kisha ya 8 na ya 9 zikafuata. Huenda chumba kinahitajiwa huko.

Fedha hutoka wapi, na lini?

Andikeni kila jambo linaloleta shilingi: maziwa, viazi, kabichi, duka, kazi ya kibarua, na fedha zinazotumwa na watoto walio mjini. Kisha andikeni mwezi wa kila pato. Maziwa hulipwa kila mwezi, lakini hupungua wakati wa kiangazi. Viazi vya mvua ndefu huvunwa Julai na Agosti. Kudai mchango mwezi wa Aprili, mkulima akiwa amekwisha nunua mbegu na mbolea, ni kukamua ng'ombe aliyekauka.

Tena msitegemee zao moja. Pareto iliwasomesha watoto wengi wa nchi ya baridi. Baada ya mwaka 2000 malipo yalipochelewa, wakulima wengi waliing'oa, na nyumba zisizokuwa na pato jingine zilitaabika kwa karo.

Maswali kwa mkutano wa wazazi

Watoto wetu wa Gredi ya 1 watakuwa wangapi baada ya miaka 3? Ni nyumba ngapi hutegemea pato moja tu? Ni mwezi gani wazazi wengi huwa na fedha?

Msichange hata senti moja ya jengo kabla maswali haya hayajapata majibu katika daftari la kamati.