Kioo cha Nyuma cha Motokaa Kikivunjika

Somo la mwezi huu si la mbegu wala la mbolea. Ni la motokaa. Tangu mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, mazao yetu yamepelekwa sokoni kwa njia nyingi: kwa punda, kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Siku hizi wakulima wengi wana pikapu au motokaa ndogo ya mizigo, au wameshirikiana watu watatu wanne kununua moja. Na motokaa ya shamba huumia zaidi upande wa nyuma, kwa kuwa ndiko mzigo uliko.

Tuseme mkulima wa Kinangop amepakia nguzo za seng'enge katika pikapu yake. Hakuzifunga vizuri. Anafika penye shimo, anakanyaga breki, nguzo zinateleza mbele, na mara anasikia mlio kama wa bunduki nyuma ya kichwa chake. Akigeuka haoni kioo chenye ufa. Anaona tundu tupu, na punje za kioo zimejaa kitini kama mahindi yaliyomwagika guniani.

Mkulima huyu atafanya nini? Wengi hukata karatasi ya nailoni, wakaibandika kwa utepe wa gundi, wakaendelea na safari miezi mitatu. Nia yangu ni kuonyesha kwa nini jambo hilo halifai, na jinsi ya kurudisha kioo mahali pake.

Kwanza tukijue kioo chenyewe. Kioo cha mbele na kioo cha nyuma si ndugu wa tumbo moja. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa, na katikati mna utando wa plastiki. Kikipigwa na jiwe hupasuka lakini hakianguki, kwa kuwa utando unakishika. Aliyegundua njia hiyo ni Mfaransa, mtaalamu wa kemia, Édouard Bénédictus. Mwaka 1903 chupa yake ilianguka chini ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu dawa iliyokuwa ndani ilikuwa imekauka na kuacha ngozi nyembamba. Mwaka 1909 aliandikisha uvumbuzi wake.

Kioo cha nyuma kwa kawaida ni kimoja tu, nacho kimetiwa nguvu kwa moto. Kiwandani hukatwa na kukunjwa kwanza kwa umbo la motokaa, kisha hupashwa moto zaidi ya digrii 600 za sentigredi, halafu hupulizwa hewa baridi ghafula pande zote mbili. Ngozi yake ya nje hupoa na kuwa ngumu upesi. Tumbo lake hupoa baadaye, na likipoa linajikunja na kuivuta ile ngozi. Basi kioo hicho hukaa siku zote kama upinde uliovutwa. Kina nguvu nyingi kikipigwa katikati kwa kitu butu, lakini ukikigonga pembeni kwa ncha ya chuma, mvuto wote huachiliwa mara moja, nacho chote huwa punje ndogo ndogo. Punje hizo hazina makali kama ya kioo cha nyumba, na ndiyo sababu kilitengenezwa hivyo.

Mkulima aliyefahamu jambo hilo hawezi kudanganywa. Fundi akimwambia, "Mzee, usijali, nitakukatia kioo cha dirisha, bei nafuu," atajibu, "La, fundi, hicho sicho." Kioo cha nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu kama visu, na vitaangukia shingo ya dereva au watoto. Tena fundi hawezi kuchukua kioo kilichotiwa nguvu cha motokaa nyingine akakipunguza kidogo kitoshe. Akikigusa tu kwa almasi ya kukatia, kitamwagika mkononi mwake.

Moshi

Sasa turudi kwa nailoni. Motokaa ikienda mbio, hewa hupasuka mbele na kuacha pengo nyuma yake. Pengo hilo huvuta vumbi. Kila mtu ameona jinsi mlango wa nyuma unavyokuwa mwekundu barabara ya murram. Lakini huvuta pia moshi wa bomba. Ikiwa motokaa ni ya namna ile ambayo mizigo na watu wamo katika chumba kimoja, kama Toyota Probox, na kioo cha mlango wa nyuma hakipo, moshi utaingia moja kwa moja ndani. Nailoni inayopigapiga upepo haiuzuii.

Ndani ya moshi huo, hasa wa petroli, mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema tunayoivuta, basi damu hukosa nafasi ya kuichukua ile hewa njema. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Baba akiona watoto wamelala nyuma njiani kutoka sokoni hudhani wamechoka. Yafaa asimame, awatoe nje penye hewa safi, awaamshe. Asiyeamka, au anayetapika na kusema ovyo, apelekwe hospitali mara moja, wala asirudishwe katika motokaa ile ile bila madirisha ya mbele kufunguliwa.

Kama hapana budi kuendesha bila kioo mpaka mjini, abiria wasipande. Dereva afungue madirisha ya mbele na matundu ya hewa ya dashibodi, awashe feni kwa nguvu ili hewa iingie kwa mbele na kutokea nyuma. Na bomba la moshi lililotoboka lizibwe kwanza. Katika pikapu hatari hii ni ndogo kuliko katika motokaa iliyofungwa, lakini vumbi, mvua na nguzo zenyewe zina njia wazi ya kumfikia dereva kisogoni.

Kuondoa vioo

Vaa viatu na mifuko ya mikono ya ngozi, na miwani kama unayo. Funika viti vilivyo safi kwa magunia. Punje zilizobaki katika ukingo zisukume kuelekea nje, si ndani. Kisha fagia, toa mikeka ya sakafuni uikung'ute, na mwisho upitishe kitambaa kilicholowa maji, kwa sababu pamoja na punje butu iko chengachenga nyembamba kama sindano. Kitambaa hicho kitupwe. Tazama vizuri katika nafasi ya chini ya viti na katika kifuniko cha mlango wa nyuma. Punje hujificha humo na kulia kama njuga mwaka mzima.

Hapa ndipo pana jambo ambalo fundi wa mjini hawezi kukuambia. Kama maziwa yalikuwa wazi, yamwage. Usiseme utayachuja, chengachenga hupita. Kama ulikuwa umepakia majani ya nepia au nyasi kavu, usiwape ng'ombe. Mbuzi huchagua chakula kwa midomo yake, lakini ng'ombe huzoa kwa ulimi na kumeza kabla ya kutafuna sawasawa. Vitu vizito na vyenye ncha hutua katika tumbo lake la pili, lililo karibu na moyo. Misumari na vipande vya waya ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa kuua ng'ombe kwa njia hiyo, lakini kioo nacho hukata kinywa na utumbo. Ng'ombe mmoja wa maziwa ana thamani ya vioo vingi.

Wala vioo visitupwe katika shimo la samadi. Samadi itaenda shambani, na mwezi wa palizi mtu asiye na viatu atavikuta. Chimba shimo refu mbali na shamba na njia, uzike.

Kununua kingine

Nenda dukani na kitabu cha motokaa, au uwe umeandika namba ya chesesi na mwaka iliyotengenezwa. Motokaa mbili za jina moja huweza kuwa na vioo tofauti: kimoja kina tundu la waipa, kingine hakina, kimoja kina nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, kingine hakina. Ikiwa chako kilikuwa na nyaya, pima sehemu mbili ambamo waya huunganishwa, zisiwe zimeng'oka. Walio baridini, Ol Kalou au Molo, wanajua faida ya nyaya hizo asubuhi.

Kioo kilichotolewa katika motokaa kuukuu chafaa, nawe utakipata kwa bei ndogo kwa wauza vipuri vya mitumba, kama wale wa Grogan jijini Nairobi. Lakini pitisha kidole polepole ukingoni pote. Penye kimeguko, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, usinunue; ndipo kitakapoanzia kuvunjika. Kukileta nyumbani, kisimamishe kwa ukingo juu ya blanketi, kikiegemea kitu laini na kufungwa. Kisilazwe chini ya magunia ya viazi, wala kisisimamishwe juu ya saruji tupu.

Kukitia

Kuna namna mbili. Pikapu za zamani, kama Peugeot 504, zina kioo kinachoshikwa na mpira. Motokaa nyingi za sasa zina kioo kilichobandikwa kwa gundi. Ya mpira mkulima anaweza kuifanya mwenyewe pamoja na msaidizi mmoja. Ya gundi, kwa maoni yangu, apewe fundi wa vioo, lakini mwenye mali ajue yanayopasa kufanywa.

Ya mpira ni hivi. Ukwangue ukingo wa bati mpaka kutu iishe, upake rangi, uache ikauke. Ukiuruka utumishi huu, maji yatapita chini ya mpira, na mwaka ujao ukingo utakuwa umeliwa. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa ubadilishwe. Mpira una mifereji miwili: mmoja hushika kioo, wa pili hushika ukingo wa bati. Vika mpira juu ya kioo kwanza, mezani juu ya blanketi.

Kisha tafuta kamba laini ya nailoni, nene kama kalamu nyembamba, iweze kuzunguka kioo chote na kuzidi. Itie ndani ya ule mfereji wa bati, izunguke pote, na ncha zake mbili zipishane chini katikati kiasi cha shubiri moja. Paka mpira na ukingo maji ya sabuni. Usitumie mafuta ya taa wala oili, kwa kuwa huozesha mpira.

Msaidizi asimame nje, akiweke kioo mahali pake na kukisukuma kwa viganja viwili. Wewe ukae ndani ukiwa na ncha za kamba. Vuta ncha moja polepole kuelekea katikati ya kioo. Utaona mdomo wa mpira unainuka na kupanda juu ya bati, kidogo kidogo, kama mtu avaaye soksi. Msaidizi aifuate kamba kutoka nje, akisukuma pale pale unapovuta. Penye kukataa, simama, ongeza maji ya sabuni, uusaidie mdomo kwa kijiti butu cha mti. Nyundo ikae mbali, na bisibisi pia. Kazi ikikwenda vizuri ni ya nusu saa. Pupa yaweza kuifanya iwe ya vioo viwili.

Ya gundi, fundi hukata gundi kuukuu kwa kisu na kuacha tabaka nyembamba, kama milimita 2, ili gundi mpya ishikane nayo. Bati lililokwaruzwa hupakwa dawa ya kuzuia kutu kwanza. Gundi yenyewe ni ile ya vioo vya motokaa. Ile silikoni ya kuzibia masinki haina nguvu ya kutosha, na mabaki yake huikataza gundi ya kweli kushika siku ya pili. Muulize fundi akuonyeshe tyubu, usome muda wa kungoja ulioandikwa. Gundi hiyo hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na penye baridi huchelewa. Basi anayekaa nyanda za juu asikubali kuambiwa motokaa iko tayari mara kioo kinapokaa.

Muda huo wote acha dirisha moja la pembeni wazi kidogo. Ukifunga mlango kwa kishindo madirisha yakiwa yamefungwa, hewa iliyobanwa ndani itakisukuma kioo kutoka katika gundi mbichi. Gundi ikikauka, mtu mmoja aingie ndani na mwingine amwage maji kutoka juu kwa mtungi, polepole, kuanzia kona moja hadi nyingine. Penye tone, tia alama kwa chaki kwa ndani, fundi apazibe kabla hujamlipa. Halafu, kabla ya kupakia nguzo tena, pigilia ubao imara au wavu wa chuma nyuma ya kioo cha pikapu, na uzifunge nguzo kwa kamba mbili: moja ya kuzizuia zisiende mbele, na moja ya kuzizuia zisirudi nyuma mlimani.